Shahidi wa Mnunuzi

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Avelina alifika kwenye nyumba aliyoinunua Ijumaa, akakuta mtu yumo ndani anapika uji.

Nyuma yake kenta ilikuwa bado inanguruma, imebeba vitanda, magunia ya mpunga, sufuria na kabati la marehemu mumewe. Alikuwa amehama Kaoze moja kwa moja. Shamba la mpunga kaliuza, ng'ombe kawauza, na yote yameishia kwenye nyumba hii ya vyumba vitatu kule Kizwite, Sumbawanga mjini. Kufuli jipya alilopewa ufunguo wake lilikuwa chini, limepigwa nyundo.

Mlango ukafunguliwa na mama wa umri wake, kajifunga kanga, mwiko mkononi.

"Karibu. Unamtafuta nani?"

"Mimi ndiye nikuulize. Unafanya nini kwenye nyumba yangu?"

Mama yule, Rosina, aliishi humo miaka kumi na sita. Alikuwa amekaa Kabwe miezi miwili akimuuguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji, akarudi Jumapili jioni na kukuta kufuli asilolijua mlangoni kwake. Alilivunja, akalala. Sasa mgeni anamwambia nyumba ni yake. Mwiko ule nusura ufanye kazi nyingine, na saa tatu kamili majirani waliwafikisha wote wawili kituo cha polisi, kila mmoja akimwita mwenzake mwizi.

Jalada likamwangukia Sajenti Zita wa upelelezi. Zita alikuwa na hasira za karibu, zilizokwisha kumnyima cheo mara mbili, na hakuwahi kuzionea aibu. Alisoma mkataba wa mauziano mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Muuzaji: Eustace. Nafasi ya picha yake ilikuwa tupu, kukiwa na dole gumba tu la wino wa zambarau. Shahidi wa muuzaji: hakuna. Shahidi wa mnunuzi: Meshack, dalali. Muhuri wa serikali ya mtaa haukuwapo.

"Eustace ni nani?" aliuliza.

"Mume wangu," alisema Rosina. "Nilimzika. Huu ni mwaka wa nne."

Avelina alimtazama kama hakusikia. "Mimi hela nimempa mkononi Ijumaa. Mzee mzima, ana koti la kahawia. Nimempa kwa mikono miwili."

Rosina, aliyekuja pale tayari kupigana, alikaa chini kwenye benchi, akaanza kulia. Mtu alikuwa amelichukua jina la mumewe kaburini akalipeleka sokoni.

Zita alilipeleka jalada kwa mkubwa wake, Inspekta Cornelius, mtu aliyependa meza safi kuliko kitu chochote duniani.

"Hiyo ni kesi ya madai," alisema Inspekta bila kuinua macho. "Mnunuzi amshitaki muuzaji."

"Muuzaji ni marehemu, mkuu."

"Basi huyo mama alikuwa hana macho? Si alikuwa na dalali wake?"

Ndilo swali ambalo kila mtu alimuuliza Avelina siku ile. Polisi wa zamu aliuliza, dereva wa kenta aliuliza, hata mama wa chai aliuliza. Si ulikuwa na dalali? Hakuna aliyeuliza dalali mwenyewe alikuwa wa nani, na hilo lilimchoma Zita kuliko uvivu wa mkubwa wake.

"Nipe siku mbili, mkuu."

"Kesho saa sita mchana nalifunga. Madai."

Zita alijua maana ya neno hilo. Avelina angekwenda mahakamani kumdai maiti, na kenta ingerudisha vitu vyake Kaoze kwenye shamba ambalo sasa ni la mtu mwingine.

Saa tano alimkuta Meshack kijiweni kwake karibu na soko, chini ya kibao kilichoandikwa Nyumba, Viwanja na Mashamba. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Alimpa Zita kiti kabla hajaombwa.

"Nimesikia, afande. Nimeumia sana. Mama yule nimemhangaikia wiki mbili."

"Ulimhangaikia kama nani?"

"Kama dalali wake. Alitaka nyumba, nikamtafutia."

"Muuzaji ulimjua wapi?"

"Simjui kabisa. Alinipigia simu kwa namba ya kuazima, akaniambia ana nyumba Kizwite. Mara ya kwanza kumuona ilikuwa Ijumaa saa nne, kwa mama lishe, siku ya kuandikishana."

"Ufunguo wa kumwonyesha mama nyumba ulitoka kwake?"

"Aliniachia dukani, nikauchukua."

"Kwa nini hamkupita ofisi ya mtaa?"

"Mama alikuwa na haraka. Nikamwambia muhuri nitaufuatilia mwenyewe." Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Tumetapeliwa wote, afande. Mimi na yeye."

"Baada ya kuandikishana ulikwenda wapi?"

"Nilikwenda Ilemba, ukweni, na mke wangu Jenifa. Nilirudi jioni. Muulize yeyote."

Zita aliandika kila neno. Kitu kimoja kilimkera. Matapeli wa nyumba hawakai. Wakishika hela, mapema asubuhi wako Tunduma au Mbeya, simu imezimwa. Huyu alikuwa amekaa kijiweni kwake siku ya tatu, anakunywa chai. Ama ni mtu safi, ama kuna kitu kilichomzuia kuondoka.

Inspekta Cornelius aliposikia hivyo alifurahi. "Umeona? Mwizi gani anakaa? Mtafute aliyekuwa na ufunguo."

Aliyekuwa na ufunguo alikuwa Adolfu, mpwa wa Rosina, aliyeachiwa nyumba aiangalie. Saa nane mchana walimkuta kwenye kilabu cha pombe ya ulezi, na mara alipoona sare za polisi alitoka mbio. Alikamatwa kabla hajavuka mtaro. Inspekta alitaka aandikwe mshitakiwa palepale.

"Kwa nini ulikimbia?" Zita alimuuliza kwenye chumba cha mahojiano.

Adolfu, mwanaume wa miaka thelathini na ushei, alikuwa akitazama magoti yake. "Mama mkubwa ataniua."

"Uliuza nyumba yake?"

"Siwezi, afande. Nilitaka kupangisha chumba cha uani tu, asijue. Nikampa Meshack ufunguo aniletee mpangaji."

"Meshack anasema ufunguo aliachiwa dukani na muuzaji."

"Nilimpa mimi. Lini?" Adolfu alijiuliza mwenyewe, akahesabu vidole. "Wiki tatu zilizopita. Nilimpa mkononi. Mpangaji hakuja, na yeye akawa ananikwepa."

"Kuna mtu aliwaona?"

Hakuna mtu aliyewaona. Lilikuwa neno la mlevi dhidi ya neno la mtu mwenye viatu vinavyong'aa, na Zita alijua mkubwa wake angechagua lipi.

Saa kumi alasiri alimkalisha Avelina kwenye benchi la nje ya kituo. Vitu vyote vilikuwa vimeshushwa uani kwa polisi, kabati limeegemezwa ukutani. Dereva wa kenta alikuwa amekataa kusubiri zaidi hata kwa malipo, anarudi bondeni, upande wa Kaoze, kesho asubuhi.

"Mama, nisimulie Ijumaa. Usiruke kitu, hata kama unakiona hakina maana."

Avelina alikuwa amechoka na kusimulia. "Ndugu yangu alitaka kuja kuwa shahidi wangu. Meshack akakataa. Akaniandikia." Alitoa simu. Zita alisoma: Mama usihangaike na ndugu wala wakili. Mimi ndiye mtu wako, nakusimamia mpaka ushike ufunguo.

"Na ulimlipa?"

"Ada yake ya kunitafutia. Nilimlipa kabla. Tukakutana pale kwa mama lishe. Yule mzee alikuwa kashafika, kakaa kimya. Meshack aliniambia mzee haongei sana. Nikaweka dole, mzee akaweka dole, Meshack akasaini upande wangu. Alitaka hela azipokee yeye ampe mzee, mimi nikakataa. Nikasema hela ya nyumba anapewa mwenye nyumba. Mzee akazitia kwenye mkoba wake. Kisha tukala."

"Mlikula nini?"

"Ugali na samaki wa migebuka. Mimi na mzee. Meshack alichukua sahani yake akaenda kula nje, karibu na ndoo za maji."

Zita aliacha kuandika. "Nje kwa nini? Ndani kulijaa?"

"Viti vilikuwepo. Nilimwita, akakataa. Tena tangu mzee alipoingia hakumtazama usoni. Alimsalimu kwa kuchuchumaa na kupiga makofi, akapita kwa nyuma asipite mbele yake. Nikasema moyoni, kijana huyu kafunzwa kwao. Ndipo nikamwamini kabisa, afande. Kwa ile heshima."

Zita alikuwa Mfipa wa kuzaliwa na kulelewa. Mzee yeyote unamchuchumalia, unampigia makofi, hilo halina ajabu. Lakini kijana akishamsalimu mzee wa watu hula naye meza moja bila shida. Asiyekaa naye wala kula mbele yake ni mkwe. Mume wa Zita, mwalimu mwenye shahada, alikuwa na miaka tisa ndani ya ndoa na hajawahi kula mbele ya baba yake Zita. Chakula kikiiva hukumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga nje.

"Huyo hakuwa mzee asiyemjua," alisema Zita. Sauti yake ilikuwa ya chini na hasira imeishika. "Huyo ni baba mkwe wake."

Avelina alifunika uso kwa viganja. Kitu pekee cha kweli ambacho Meshack alikifanya siku ile, yeye alikuwa amekisoma vibaya.

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari la kituo lilikuwa halina mafuta, kama kawaida yake. Zita alipanda ile kenta inayorudi bondeni, wakateremka ukuta wa milima wa Lyamba, na saa tatu alikuwa Ilemba akimuulizia baba yake Jenifa.

Mzee Urbano alikuwa amekaa barazani, koti la kahawia mwilini pamoja na joto lile la bonde. Zita alichuchumaa, akapiga makofi taratibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umetumwa na mwenye nyumba?"

Zita aliinua kichwa. "Mwenye nyumba yupi, baba?"

"Eustace. Amepona?"

Zita alikuwa amekuja na pingu mfukoni na maneno makali mdomoni, na yote mawili yakakosa pa kwenda. "Baba, twende Sumbawanga. Mambo ya nyumba ile hayajaisha."

Mzee hakubisha. Aliingia chumbani kwake, akatoka na mkoba wa turubai, akaukumbatia. Zita alitaka kumpokea, akakataa. Walipata lifti kwa mfanyabiashara wa mpunga, na saa sita kasoro dakika kumi waliingia kituoni.

Ofisini kwa Inspekta walikuwapo Avelina, Rosina, Adolfu aliyetolewa mahabusu, na Meshack aliyeitwa kuja kutia sahihi maelezo yake. Jalada lilikuwa wazi mezani, kalamu iko mkononi mwa Inspekta.

"Muda wako umekwisha, Sajenti," alisema Inspekta. "Bwana huyu kaja kwa hiari yake. Ni mhanga kama mama."

"Nina maswali mawili tu." Zita alimgeukia Meshack. "Kwa mara ya mwisho. Ulikuwa dalali wa nani?"

"Wa mnunuzi. Nimeshasema."

"Na muuzaji humjui."

"Simjui. Nikimwona leo nitamshika mimi mwenyewe."

Zita alifungua mlango. "Karibu, baba."

Mzee Urbano aliingia na mkoba wake. Meshack alikuwa amekaa kwenye benchi. Aliondoka pale kabla mzee hajafika katikati ya chumba, akajibana ukutani, macho sakafuni, na mikono yake ikapiga makofi mawili matatu ya chini, yenyewe, kama mtu anayekohoa.

"Ndiye huyu," alisema Avelina. "Ndiye mwenye koti."

"Meshack, rudi ukae," alisema Zita.

"Nimesimama vizuri, afande."

"Benchi lina nafasi. Kaa karibu na mzee usiyemjua. Au umshike, kama ulivyosema."

Hakusogea.

"Mtamwonea," alisema mzee Urbano kwa upole. "Huyo ni mkwe wangu, hawezi kukaa hapa. Kuna tatizo gani? Mimi nilitumwa. Kupitia mke wake aliniambia Eustace kalazwa Mbeya, hana mtu wa kumsimamia kuuza nyumba. Akasema niwe mwakilishi wake, niweke dole kwa niaba yake, nisiongee sana mnunuzi asije akashusha bei. Mimi sijui kusoma. Niliweka."

"Eustace amekufa, baba," alisema Rosina.

Mzee alimtazama, halafu akamtazama mkwewe, na mkwewe alizidi kujibana kwenye ukuta.

Inspekta Cornelius aliiweka kalamu chini. Meshack alijua kwamba njia ya kwanza imefungwa, akaijaribu ya pili. "Sawa. Mimi nilikuwa dalali wa muuzaji. Tuseme hivyo. Dalali wa muuzaji hana deni la kumwambia mnunuzi chochote. Mnunuzi ajitazame mwenyewe. Sina mkataba wa kumwakilisha huyu mama, nionyesheni karatasi."

Hapo ndipo hasira ya Zita ilipotoka yote.

"Karatasi? Ada umeipokea kwake. Umemwandikia kwenye simu kwamba wewe ndiye mtu wake, asilete ndugu wala wakili. Umesaini mahali pa shahidi wa mnunuzi. Hizo tatu zinatosha kukufanya mtu wake, na mtu wake huwezi kumficha kitu. Unataka kuwa wa muuzaji? Nitajie muuzaji aliyekutuma. Marehemu? Mama Rosina aliyekuwa Kabwe anamwogesha mjukuu? Adolfu alikupa ufunguo wa kupangisha chumba cha uani. Sema, ulikuwa wa nani?"

Meshack aliinua macho kwa mara ya kwanza. Adabu yake yote ilikuwa imemtoka, na kilichobaki kilikuwa hasira kama ya Zita, ila ya zamani zaidi.

"Sikuwa wa mtu," alisema. "Miaka kumi na moja nazungusha watu mji huu. Nawaonyesha nyumba juani, mvuani, wakishaiona wananiruka, wanakwenda kwa mwenye nyumba usiku wanamalizana wao kwa wao. Wote. Walimu, mapadri, polisi. Wewe mkuu hapo," alimwonyesha Inspekta kwa kidevu, "kiwanja chako nani alikuonyesha? Ulinilipa? Siku ya kula mnasema dalali ni mtu wa kati tu. Siku ya kuibiwa mnasema dalali wako. Nikaona basi, kama sina mtu, na mimi nisiwe wa mtu."

Inspekta alitazama dirishani.

"Huyu mama hakukuruka," alisema Zita. "Huyu alikulipa kabla. Ukamchagua yeye kwa sababu ndiye pekee aliyekuamini."

Pingu zilipoingia mikononi mwa Meshack, alimwambia Zita kwa sauti ndogo, "Ningeondoka Ijumaa ileile, afande."

"Ulikwama wapi?"

Mzee Urbano ndiye aliyejibu. "Kwangu. Alimtuma Jenifa Jumamosi, akamtuma tena Jumapili, nitoe hela azipeleke Mbeya. Nikakataa. Nimewekewa mikononi hela ya mwenye nyumba, nitampa mwenye nyumba. Yeye mwenyewe hawezi kuja kubishana na mimi, wala kuingia chumbani kwangu." Aliuweka mkoba magotini. Alizungumza kwa uchungu wa mtu aliyefanywa mjinga uzeeni. "Sasa mwenyewe ni nani kati yenu?"

Rosina alikuwa karibu naye zaidi. Jina la mumewe ndilo lililoandikwa, nyumba ni yake, na mkoba ulikuwa umeelekezwa kwake. Alinyoosha mkono, akausogeza mkoba hadi kwa Avelina.

Avelina alifungua. Furushi lilikuwa vilevile, limefungwa kwa kipande cha kitenge alichokichana yeye Kaoze. Hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kwenda.

"Hapana," alisema Zita, na alichukia kulisema. "Hiki sasa ni kielelezo. Lazima kiandikwe, kikae kwetu, mpaka mahakama iseme. Miezi kadhaa labda."

"Nimesharudishiwa, halafu mnachukua tena?"

"Ndiyo, mama. Sheria iko hivyo, na mimi pia inaniudhi."

Inspekta, aliyekuwa ghafla mchapakazi, alijaza hati ya kupokea mali upesi upesi na kuisukuma mbele. "Weka sahihi hapa. Shahidi wako atasaini Koplo wa zamu, yupo hapo nje."

Avelina hakuishika kalamu. Alimtazama Inspekta, akaitazama ile nafasi iliyoandikwa shahidi, kisha akamgeukia Rosina, mwanamke aliyemwita mwizi jana asubuhi mbele ya mtaa mzima.

"Dada," alisema, "utanisimamia?"

Rosina alivuta kiti mpaka mezani, akatoa miwani kwenye pindo la kanga, akaivaa.

"Koplo apumzike," alimwambia Inspekta. "Tusomee kwanza. Yote, toka juu."

Inspekta Cornelius alitazama saa yake, akamtazama Zita aliyekuwa ameegemea mlango uliofungwa. Akaichukua hati, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti, na kila alipotaka kuruka mstari Rosina aliweka kidole chake juu ya karatasi mpaka aurudie.